Gari Jeusi la Shofere

Katika miaka yote niliyokaa nyuma ya cherehani pale Misiera, mtaa wetu wa kambi ya wakimbizi, nimeletewa suruali za kupunguza, sare za kwaya, mapazia na, Mungu anisamehe, sanda pia. Gari nililetewa mara moja tu. Jirani yangu alikuja asubuhi, akavua kofia, akanisalimia kwa kirefu, kisha akanipa karatasi iliyojaa vipimo: urefu wa boneti, upana wa paa, kimo cha milango, hata duara la vioo vya pembeni.

"Mama Fundi," akasema, "nataka uishonee nguo."

"Nani? Mke wako?"

"Hapana, motokari. Bibi yangu iko na nguo."

Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na beseni kichwani. Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Mimi nilicheka sana, maana niliona nimepata kituko cha kusimulia wiki nzima. Nguo yenyewe niliishona kwa turubai kuukuu upande wa nje na kitambaa laini cha fulana upande wa ndani, kama alivyoagiza, ili isikwaruze rangi. Aliirudisha mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa inabana upande wa taa ya kushoto. Mara ya pili alikuta fundo la uzi upande wa ndani, akanionyesha kwa kidole, nikalikata.

Misiera nzima tulimwita Shofere. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye karatasi zake za ukimbizi, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia isipokuwa padri. Alikozaliwa sijui, wala baba yake alikuwa nani. Nilichojua ni kwamba aliwahi kuendesha magari ya wakubwa kule Bukavu, kwamba vita vilimtoa huko pamoja na mkewe, na kwamba huku Uganda alipata kazi kwa tajiri mmoja wa Mbarara, mfanyabiashara wa maziwa, akamwendesha miaka mingi kwenye gari jeusi refu, lenye viti vya ngozi, la aina ile wanayopanda mawaziri. Tajiri alipofariki, watoto wake walikuja kutoka Kampala na magari yao mapya. Wakalizunguka lile jeusi, wakaona linakunywa petroli kama ng'ombe na spea zake ni za kutafutwa kwa tochi, wakamwambia: Muzee, chukua. Wakamwandikia na hati kabisa. Basi mtu mwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili akawa na gari la kifahari, na watu wa Misiera wakalipa jina siku hiyohiyo. Waliliita Prezida.

Nilikuwepo siku lilipoingia. Kutoka Rwekubo, mji mdogo wa jirani, kuja kwetu barabara ni ya vumbi na mawe, na gari lile tumbo lake lilikuwa chini mno. Alikuwa anasimama, anashuka, anatembea mbele hatua hamsini akiondoa mawe kwa mkono, anarudi, anaendesha zile hatua hamsini, anashuka tena. Mbuzi walimpita. Mwendesha pikipiki mmoja alimpita akienda na akakutana naye tena akirudi. Alipofika kwake alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na kitu cha kwanza alichoomba ni maji, tukadhani ni ya kunywa.

Kuosha kwake kulikuwa na utaratibu kuliko misa. Hakuosha jua likiwa kali, kwa sababu maji yakikaukia kwenye rangi huacha alama. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na ole wako uzichanganye. Alianza na paa, akashuka madirishani, akamalizia na magurudumu kwa kitambaa kingine kabisa, kwa kuwa kitambaa cha magurudumu hakikuruhusiwa kugusa mlango. Sabuni ya unga hakutaka hata kuisikia. Alisema inakula nta. Nta aliinunua Mbarara kwenye kopo dogo, akaipaka kwa vidole viwili, duara ndogondogo, akaiacha ikauke mpaka gari lipate ukungu, kisha akaifuta mpaka ukipita unaona meno yako mlangoni. Matundu ya hewa ndani aliyasafisha kwa mswaki. Kitambaa kikimponyoka kikaanguka chini, hakukitumia tena. "Kimeshakamata muchanga," alisema, "kitakwaruza." Vitambaa hivyo vilivyofukuzwa kazi vilikuja kwangu, nikavifanya viraka.

Maji ya shughuli hiyo yote yalikuwa madumu mawili. Wanawake bombani walinuna mwanzoni, nami nikiwa mmoja wao, mpaka tulipomwona anavyopanga foleni. Alikaa wa mwisho. Akija mama mwenye mtoto mgongoni, alimpisha, hata kama amemkuta ameshafika kwenye bomba. "Yangu ni ya motokari," alisema, "ya mtoto ipite." Yeye mwenyewe alioga kwa nusu beseni. Mkewe aliniambia kwamba maji ya kusuuzia gari yaliyobaki safi ndiyo aliyojimwagia.

Kila asubuhi aliliwasha dakika kumi. Alivaa shati jeupe, akaketi wima, mikono miwili kwenye usukani, haendi popote. Petroli ilikuwa kidogo na safari hazikuwepo, lakini injini isipowashwa, alisema, inasahau. Na kila baada ya siku kadhaa tulilisukuma kidogo, yeye, mkewe na mimi, ili magurudumu yasilale upande mmoja. Nilizoea. Mtu mwingine jirani yake humwita kumsaidia kuamsha ng'ombe.

Ukimuuliza habari za vita, hakusema. Ukimuuliza habari za gari, alizungumza mpaka ugali unapoa. Alijua sauti ya kila kitu mle ndani. Mara moja nilikuwa nimekaa kibarazani kwake, yeye akiwa ndani ya nyumba, mvulana wa jirani akagusa mlango wa nyuma wa gari. Akatoka akasema, "Nani amefungua?" Hakuna aliyefungua, ulikuwa umeguswa tu. Lakini mkewe alipokohoa miezi miwili mfululizo, ni mimi niliyemwambia kwamba mke wako anakohoa. Alishtuka kwelikweli. Alisema hakuwa amesikia.

Sisemi haya kumsengenya. Alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliowajua. Ninayasema kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na kwa sababu mkewe alikuwa rafiki yangu.

Huyo mama alikuwa mwembamba, mpole, mwenye maneno machache, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alinunua mafuta ya kujipaka kwenye kichupa, kwa ajili ya visigino vyake vilivyopasuka, na kichupa kikawa kinaisha upesi. Alinishuku mimi kwanza, maana nilikuwa naingia na kutoka nyumbani kwake. Kumbe mumewe akiishiwa dawa ya kulainisha ngozi ya viti, anachukua yale. Alipogundua hakugomba. Alikuja kwangu akaketi, akavua kandambili, akanionyesha visigino. "Viti byake biko laini," akasema, "angalia miye." Nikacheka. Naye akacheka kidogo, na mimi nikaendelea kushona.

Jambo jingine lililomuumiza, ingawa alilisimulia kama utani, ni kwamba mumewe hakumruhusu kukaa mbele. Kazini kwake kiti cha mbele cha abiria hakikuwa cha mtu wa heshima. Mkubwa hukaa nyuma, upande wa kulia au wa kushoto, sikumbuki. Basi alimweka mkewe nyuma, kwa kumheshimu. Wakienda kanisani siku ya Pasaka, mama wa watu anasafiri peke yake nyuma kama balozi, anaangalia shingo ya mumewe. Alisema shingo ile anaijua kuliko uso.

Prezida lilikuwa na kazi moja tu ya maana, nayo ni harusi. Warundi, Wakongo, Wakatoliki, walokole, wote walimwendea Shofere. Malipo hakutaka, walileta petroli tu. Masharti ndiyo yalikuwa mengi. Bibi harusi avue viatu kabla ya kuingia. Maua yafungwe kwa utepe, si kwa gundi. Mtu asirushe mchele. Mara moja mvua ilinyesha asubuhi ya harusi ya binti mmoja wa Kirundi, barabara ikawa uji. Shofere akasema hawezi kutoka mpaka ikauke. Padri anangoja, wazazi wanangoja, bibi harusi yuko kwangu amevaa gauni nililomshonea mimi, anatoka jasho. Nilimfuata.

"Shofere, utaiharibu harusi ya watu kwa ajili ya tope?"

"Tope inaingia chini ya mulango, Mama Fundi. Ikikauka kule ndani, inaita kutu."

"Na bibi harusi akikauka?"

Alifikiri kweli. Kisha akachukua magunia, akayatandika kutoka kwake mpaka barabara kuu, gunia baada ya gunia, akaendesha juu yake. Binti alifika kanisani saa nane. Hadi leo wale watu wakitazama picha za harusi hawazungumzii kuchelewa. Wanazungumzia jinsi nyuso zao zinavyoonekana kwenye mlango.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia, lakini haitakuwa kweli.

Chakula cha msaada kilikuwa kinapungua. Kila mtu aliona. Kisha ikatangazwa kwenye mikutano ya mtaa kwamba watu watapita nyumba kwa nyumba kuangalia nani bado anahitaji kusaidiwa na nani anaweza kujitegemea, na wanaoweza wataondolewa kwenye orodha ya chakula. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wiki ile Misiera ilijificha. Magodoro yalipanda darini, paneli za sola zilishuka kwenye bati, redio zikaenda likizo kwa watu wa mbali. Mimi cherehani yangu ya pili niliifunika kwa majani ya migomba kwenye banda la mbuzi. Siombi radhi.

Jioni ya siku iliyotangulia nilipita kwa Shofere. Gari lilikuwa uani, limevaa ile nguo niliyoishona, na kuku walikuwa wamelala juu yake na kuacha yao. Mimi na mdomo wangu tukasema, "Shofere, wageni wanakuja kesho, na mkubwa wako amevaa nguo yenye mavi ya kuku?"

Ulikuwa utani. Nilikuwa naicheka kazi ya mikono yangu mwenyewe. Kitu cha maana cha kusema kilikuwepo, tena kifupi: lisukumeni mkaliache uwanja wa kanisa. Tungekuwa watatu, tungemaliza kabla giza halijaingia. Sikukisema. Yeye aliitazama ile nguo, akaigusa kwa kidole, akasema, "Njo vile," yaani ndivyo. Nikaenda zangu kupika.

Asubuhi nilipoangalia juu ya ua, nguo ilikuwa imeanikwa kwenye kamba na gari lilikuwa linang'aa kama siku ya harusi. Alikuwa ameliosha, amelipaka nta, amelifuta. Amevaa shati jeupe, amesimama kando ya boneti, mikono nyuma. Nilielewa mara moja. Maisha yake yote, mtu akija na kalamu na karatasi, alikuja kukagua gari, na dereva ambaye gari lake lilikutwa chafu alifukuzwa kazi. Alikuwa amejiandaa kwa ukaguzi. Wote tulikuwa tumejiandaa kwa ukaguzi, sema sisi kwa kuficha na yeye kwa kusugua.

Binti aliyekuja alikuwa Mganda, mpole, ana simu kubwa ya kuandikia mkononi. Alimwamkia vizuri.

"Muzee, hii gari ni ya nani?"

Nilikuwa kwenye ua wangu nikitikisa kichwa kwa nguvu. Shofere aliniona. Najua aliniona, kwa sababu alinitazama kwa kunishangaa.

"Ni yangu, mama."

"Inatembea?"

"Inatembea muzuri sana. Nikuonyeshe?"

Akaliwasha. Injini ikanguruma kwa sauti ya chini kabisa, safi. Akafungua boneti, akamwonyesha oili kwenye kijiti, akamwonyesha betri, akamwonyesha viti. Yule binti alisikiliza yote, akaandika, akashukuru. Mkewe alikuwa mlangoni na chekecheke ya unga mkononi, haendelei kuchekecha. Sikumlaumu yule binti wakati ule na simlaumu leo. Angeandika nini?

Orodha ilipotoka, nyumba yao haikuwemo.

Kulikuwa na dirisha la malalamiko kule Base Camp, kwenye ofisi za kambi, na mimi nina mwandiko mzuri. Nilimwandikia barua: wazee wawili, mke mgonjwa wa sukari, gari ni la kupewa na haliingizi chochote. Nikamwambia aende kwa miguu, avae shati la kulimia. Mimi nilitangulia alfajiri kumshikia nafasi kwenye foleni. Saa nne nikaona watu wote mbele yangu wanageuza shingo. Shofere alikuwa anaingia na Prezida. Alikuwa ameliosha. Askari wa lango, kijana asiyemjua, alifungua lango lote na kupiga saluti. Akaliegesha mbele ya dirisha la malalamiko, akashuka na barua yangu mkononi, akaja kusimama kwenye nafasi niliyomshikia.

"Mbona umelileta?" nikamuuliza kwa kunong'ona.

"Ofisi ya batu, Mama Fundi. Vumbi ni mingi. Ningefika nikiwa mubaya."

Barua ilisomwa. Yule aliyeisoma alitazama barua, akatazama nje, akatazama barua tena. Alikuwa na adabu, hakucheka. Alisema jibu litakuja, na jibu lilikuja kama mnavyofikiri.

Kuanzia hapo mambo yakawa wazi, na kila mtu mtaani aliyajua kama mimi: ama gari, ama mkewe ale. Mtu wa sukari hakai na njaa. Walimwambia hivyo mkewe pale zahanati na nilikuwepo. Shofere alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya mahindi. Alilima kwa glovu, akiogopa viganja vikikakamaa vitakwaruza rangi. Sisi majirani tulitoa tulichoweza, unga kikombe, maharage kikombe, lakini wenyewe tulikuwa tumepunguziwa. Kidogo utakigawa mara ngapi?

Siku moja walikuja kwangu wote wawili. Mama yule hakuketi.

"Mama Fundi, ukuwe shahidi," akasema. Kisha akamgeukia. "Uza. Kama hauuzi, miye naenda kwa dada yangu, kambi ya Oruchinga. Sitakufa na njaa pembeni ya kiti ya ngozi."

"Nitauza," Shofere akasema. "Acha harusi za mwezi wa nane zipite. Nilishawaambia batu ndiyo."

Sijawahi kumwona mtu akimaanisha neno vile na asiweze kulitenda. Wanunuzi walikuja. Mmoja wa Rwekubo alitaka kulifanya la abiria. Aliingia kwenye kiti cha mbele na gambuti zenye tope, akaketi, akaanza kutafuna mahindi ya kuchoma. Shofere alimshukuru, akamshusha, akafunga mlango, akaniambia huyo hapana. Kisha tulikwenda Mbarara, mimi nikifuata nyuzi na yeye akifuata bei. Mimi pia aliniweka nyuma. Mwuza magari mmoja alilizunguka, akapiga mateke gurudumu, akasema, "Muzee, hii imezeeka. Mimi nataka injini na milango, na viti. Ile ingine tunakata."

"Munakata nini?"

"Bodi. Ni vyuma tu, sebo."

Turudi, akaniambia. Nilimsema mimi, kutoka Mbarara hadi Rwekubo. Nilimwambia mkewe anakonda, nilimwambia gari halina roho, nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo, na kwenye kioo niliona machozi yanamtoka na hayafuti, kwa kuwa mikono miwili iko kwenye usukani. Sikujua la kufanya na mtu wa namna hiyo, na bado sijui.

Mkewe aliondoka mwezi wa saba. Alikuwa na beseni na mfuko mmoja. Shofere alikuwa ameshaliwasha gari, ameweka mto kiti cha nyuma, anataka kumpeleka Oruchinga. Mama akasema asante, atapanda taksi ya watu kule Rwekubo. Akatembea. Prezida likabaki linanguruma uani, na kwa mara ya kwanza alilisahau. Lilinguruma hadi petroli ikaisha.

Wiki ileile aliuza. Alilipeleka kwa yuleyule wa Mbarara wa kukata vyuma, na hakubishana. Alinunua mchele, mafuta, samaki wakavu, na kichupa cha mafuta ya kujipaka, akaenda navyo Oruchinga, akarudi peke yake. Kisha akafunga nyumba na kwenda Mbarara kutafuta kazi. Mimi nikasema, vema, gari limekwisha, sasa karatasi zitanyooka. Na kweli zilianza kunyooka: barua ya malalamiko aliyoacha kabla ya kuondoka ilisomwa, walikagua, wakakuta ua mtupu, wakamrudisha kwenye orodha.

Nilimkuta mwaka uliofuata, Mbarara, kwenye sehemu ya kuoshea magari upande wa kushukia mto Rwizi. Nilikuwa nimefuata vitambaa vya sare. Nilimtambua kwa mgongo. Amevaa mabuti ya mpira, amechuchumaa kando ya gari dogo la mtu, anasafisha katikati ya vyuma vya gurudumu kwa mswaki, na vijana wenzake kila mmoja ameshamaliza mawili.

"Muzee, harakisha," msimamizi akapaza sauti. "Mutu amesema maji tu. Wewe nafanya nini huko?"

"Niko namaliza, sebo."

Aliponiona alifuta mikono kabla ya kunipa. Alikuwa amezeeka upande wa macho. Tuliulizana habari za Misiera, za mvua, za mbuzi wangu. Nami nilikuwa na jambo limenikaa kifuani mwaka mzima, nikaona nisipolisema pale nitalirudisha nyumbani.

"Shofere, siku ile ya watu wa orodha. Ni mimi niliyekuambia nguo ya gari ni chafu. Nilikuwa natania."

Alijaribu kukumbuka. Nilimwona anajaribu, kwa heshima yangu.

"Hapana, mama. Ni miye mwenyewe. Wageni banakuja, motokari iko chafu, inafaa?"

Alisema hivyo akarudi kwenye gurudumu. Alikuwa hanitii moyo. Kwake ndivyo ilivyokuwa. Nilibaki na hatia yangu mkononi na mwenye kuipokea haitaki.

Basi nikashika lile ninaloliweza, karatasi. Nilimwambia jina la mkewe lilihamishiwa kwenye nyumba ya dada yake, lakini linarudishwa. Ninazijua fomu, nimewajazia watu watatu. Wote wawili wanakwenda, wanaketi mbele ya mwandikaji, wanasema tunataka kuwa nyumba moja, basi. Yeye sasa ana chakula kwenye orodha na ana kazi. Mama atarudi. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

"Tulienda," akasema.

"Lini?"

"Mwezi iliopita. Tulikaa babili mbele ya yule mama wa kuandika. Akauliza bibi yangu: mama, unataka turudishe jina yako kwa nyumba ya muzee? Akasema hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya maji. "Alisema mbele yako?"

"Mbele yangu. Polepole, bila kasirani. Yule mama akafikiri hakusikia muzuri, akamuuliza tena. Akasema hapana tena."

Nilirudisha kalamu mfukoni. Ingekuwa ni ofisi imekataa, ningeandika barua, ningepanga foleni, ningemshikia nafasi tangu alfajiri. Kwa neno la mkewe hakuna dirisha popote, na nilimjua, na nilijua ana haki.

"Na wewe ukafanya nini?" nikamuuliza.

Aliukung'uta mswaki, akauweka kwenye mfuko wa shati.

"Alisimama aende. Nilimufungulia mulango," akasema.